Ulimi wa Hana

Wazazi wenzangu wa hapa Mvumi, nanyi mlio mbali, tulieni niwaeleze yaliyotokea nyumba ya pili kutoka kwangu.

Asubuhi kwa Gerson zilikuwa za kupendeza. Mkewe anakoroga uji wa uwele, kuku wanaparua chini ya mizabibu, na binti yao Hana anarudi kutoka mbioni akiimba pambio la kwaya. Huyo mtoto alikuwa na mbio jamani! Akishinda mashindano ya Dodoma mjini angechukuliwa kambini na wanariadha wakubwa, na kambi hiyo aliitaka kuliko kitu chochote.

Basi Gerson akamwona mtu kwenye simu akieleza kwamba mwanariadha akifanya mazoezi bila wanga wala sukari, mwili hujifunza kutumia mafuta yake. Maneno hayo yana ukweli wake, mtausikia. Lakini Gerson ni mkulima wa zabibu, akayapima kwa shamba lake.

"Mzabibu ukiukatia maji kabla ya kuvuna, zabibu zinakuwa tamu," alimwambia mkewe. "Na huyu tunamkatia."

"Baba Hana, huyu si mti."

"Wewe koroga uji wako, unywe mwenyewe."

Tangu hapo Hana alikimbia mbio zote na tumbo tupu, baba yake nyuma na baiskeli. Siku moja nilimpelekea kikombe cha uji barabarani. Gerson akakipokea kwa adabu, "Shikamoo bibi, asante sana," kisha akaumwaga vumbini, mtoto akitazama. Kuku wangu ndio walioufaidi.

Msimu wa kuvuna, Hana akapita shambani kwao, akachuma zabibu chache, akazitia kinywani. Gerson akashuka kwenye baiskeli.

"Toa ulimi."

Akautoa. Ulikuwa wa zambarau.

"Unaniharibia mazoezi! Rudi mwanzo, uanze upya."

Jua la saa sita lilikuwa utosini. Akaanza upya. Kuanzia siku hiyo alikaguliwa ulimi mlangoni kila alipotoka mbioni, na wadogo zake wakamwita Kinyonga, wanacheka.

Hana akakonda. Siku zake za mwezi zikakoma. Mama yake aliniambia kwa kunong'ona. Paja likaanza kumuuma hata akiwa amelala.

"Hayo maumivu ni mwili unajifunza," akasema Gerson.

Siku ya mashindano akamkabidhi chupa kubwa ya glukosi, nzito kama asali. "Leo nimekufungulia maji. Kunywa yote ukikimbia."

Tumbo halikuwahi kuonja kitu mbioni. Likakataa. Hana alitapika mbele ya watu, akaendelea, akatapika tena. Alipokazana kumpita msichana wa mbele yake, mfupa wa paja ukavunjika. Tuliokuwa kando ya barabara tuliusikia.

"Inuka!" Gerson akapiga kelele. "Umebakiza kidogo tu!"

Hospitalini daktari hakumficha. "Kukimbia bila kula, mara mojamoja na taratibu, kunaweza kumfaa mtu anayekula vizuri siku nyingine. Wewe umefanya kila siku. Mwili ulikosa chakula, mifupa ikadhoofika. Na tumbo nalo lilitaka mazoezi ya kupokea kitu mbioni, wewe hukulizoesha."

Mama Hana akamgeukia mumewe. "Mzabibu unaumwagilia miezi yote, unaukatia maji mwishoni tu. Mwanangu ulimmwagilia lini?"



Mguu ulipona, lakini ukabaki mfupi. Hana anatembea na gongo sasa, anachambua zabibu barazani. Gerson mwenyewe humletea uji kila asubuhi, wenye sukari. Juzi nilikuwepo. Hana akaunywa wote, akamrudishia baba yake bakuli. Kisha, bila kuambiwa, akatoa ulimi nje, akangoja.

FUNZO

Mtoto wa mbio ndefu anywe uji kabla ya kutoka, na njiani apewe kitu kitamu kidogo kidogo tangu siku za mazoezi, tumbo lizoee. Mazoezi ya kujinyima si ya kila siku, na mzazi asiyabuni peke yake. Msichana akikosa siku zake, au mfupa ukimuuma amelala, mbio zisimame, aende hospitali. Gerson hakuwa mlevi wala mvivu. Alijua nusu ya jambo, akaitekeleza yote juu ya mwili wa mwanawe.