Ngogwe ya Mkono wa Kushoto

Kila Jumamosi asubuhi Rozina alimfunga binti yake mkono.

Alitumia kipande cha kanga kuukuu. Alikizungusha kwenye kiganja cha kushoto, akakaza, akapiga fundo. Kisha alisema, "Haya, nenda. Ukifungua nitajua."

Binti huyo aliitwa Princess. Alikuwa na miaka kumi, yuko darasa la nne. Waliishi Igombe, kando ya ziwa, wilaya ya Ilemela. Baba yake, Victor Otuoma, alikuwa fundi wa injini za mitumbwi. Wiki nyingi alikuwa visiwani. Nyumbani walibaki Rozina, Princess, mtoto mdogo wa mwaka mmoja, na Bibi Aluoch, mama yake Victor.

Rozina hakuwa mama mkatili. Alimfunga mtoto kwa sababu alimwonea huruma. Princess alianza kutumia mkono wa kushoto tangu anatambaa. Aliokota kwa kushoto, alichora kwa kushoto, alirusha mawe kwa kushoto.

"Mkono huo una kazi yake chooni," Bibi Aluoch alisema kila siku. "Atasalimia watu kwa mkono gani? Ataolewa na nani?"

Rozina alijiambia, afadhali nimfunge mimi kwa kanga kuliko dunia imchape kwa fimbo.

Jumamosi watoto kumi na wawili walikusanyika kwenye ukumbi wa parokia. Mama Justa aliwafundisha kufuma wanasesere wadogo wa uzi. Wanasesere hao wangepelekwa kwa watoto wa chekechea. Mwanasesere wa kwanza alikuwa ngogwe, yaani nyanya chungu: mwili mweupe wa mviringo, kofia ya kijani, na mdomo unaocheka. Mama Justa alichagua ngogwe kwa sababu ni rahisi kwa anayeanza, na kila mtoto anaijua, maana ameila na ugali.

Jumamosi ya tatu Princess alirudi mapema. Kitambaa hakikuwepo mkononi. Uzi ulikuwa umevurugika wote.

"Vipi?" Rozina aliuliza. "Mbona saa hizi?"

"Mama Justa kanirudisha. Nilifungua mkono. Akasema, mkono huo hapa hapana. Nikamwambia, basi sifumi."

"Ulimjibu hivyo mtu mzima?"

"Nilimjibu."

Bibi Aluoch alisimama kutoka kwenye mkeka. "Twende sasa hivi. Utapiga magoti, utamwomba msamaha."

"Sitaomba," Princess alisema. Hakurudi nyuma. "Kama nilimjibu vibaya, nitaomba msamaha kwa jibu. Kwa mkono siombi. Sijauiba huu mkono."

Rozina alishika kipande kingine cha kanga. Princess akaficha mkono nyuma.

"Mama, jana mtoto alipotaka kuanguka kitandani, ulimdaka kwa mkono gani?"

Rozina alitazama mkono wake. Kanga ilibaki imening'inia mkononi mwake. Mkono wenyewe ulikuwa wa kushoto.

Jirani yao, Mwalimu Prudencia, alikuwa anaanika nguo. Alikuwa Mhaya wa Muleba, amestaafu ualimu wa shule ya msingi. Alisikia yote, kwa sababu nyumba za Igombe zimekaribiana na mawe yaliyo kati yake hayazuii sauti. Akaja.

"Hodi hapa."

"Karibu, mwalimu. Shikamoo," Rozina alisema.

"Marahaba. Mama Aluoch, habari za hapa?"

"Si nzuri. Mjukuu wangu amekuwa mkaidi."

Mwalimu Prudencia aliketi. Aliuliza, "Mama Princess, na wewe ulifungwa?"

Swali hilo lilimchoma Rozina. Maneno yakatoka kwa haraka.

"Sikufungwa. Nilichapwa. Kwa rula, hapa juu ya vidole. Kila nilipoandika kwa kushoto, rula. Kwa kulia maandishi yangu yalikuwa kama nyayo za kuku. Watoto walinicheka. Nilipofika darasa la sita nikaacha shule. Nilisema nyumbani kwamba naumwa kichwa. Mpaka leo sipendi kuandika jina langu mbele za watu."

Princess alimtazama mama yake kama anamwona mara ya kwanza.

"Nimefundisha miaka thelathini na nne," Mwalimu Prudencia alisema. "Karibu kila darasa nilikuwa nao. Ukikusanya watu kumi, huenda mmoja wao anatumia kushoto. Si ugonjwa. Si laana. Si utundu. Ubongo wake umejipanga hivyo. Ukimlazimisha, hubadilishi ubongo. Unamfundisha kuogopa na kujiona mjinga."

"Na salamu?" Bibi Aluoch aliuliza. "Na heshima ya watu?"

"Salamu ni adabu, mama. Atajifunza adabu kama anavyojifunza kuamkia wakubwa. Lakini kalamu, mkasi na sindano ni kazi. Kazi ifanywe na mkono unaoiweza."

Bibi Aluoch alibinya midomo. Akarudi kuketi kwenye mkeka wake.

"Lete huo uzi, Princess," mwalimu alisema.

Princess alianza kukaa pembeni yake. Mwalimu akamzuia. "Hapana. Bila shaka Mama Justa anakukalisha pembeni, ndiyo maana unapotea. Kaa mbele yangu, uso kwa uso, kama unajitazama kwenye kioo. Mkono wangu wa kulia unatazamana na wako wa kushoto. Ninachofanya huku, wewe fanya huko."

Alishika sindano ya kufumia, ile fupi yenye ndoano kichwani. Princess alishika ya kwake kwa kushoto. Uzi ukapita kwenye vidole vya kulia.

"Tengeneza kitanzi. Vuta uzi upite ndani yake mara mbili. Umepata mnyororo wa vitanzi viwili. Sasa rudi kwenye kitanzi cha kwanza kabisa. Ingiza sindano. Vuta uzi. Una vitanzi vingapi kwenye sindano?"

"Viwili."

"Vuta uzi tena upite ndani ya vyote viwili. Huo ni mshono mmoja. Fanya sita, yote kwenye kitanzi kilekile cha kwanza."

Princess alifanya sita. Ikajikunja yenyewe na kuwa duara dogo kama kifungo. Alicheka kwa mshangao.

"Funga uzi mwekundu hapa, ujue mzunguko unapoanzia. Mzunguko wa pili, weka mishono miwili kwenye kila mmoja. Utapata kumi na miwili. Wa tatu, weka mmoja, kisha miwili, mmoja, kisha miwili. Utapata kumi na minane. Hesabu kila unapomaliza. Ukikosea fumua. Uzi hauumii."

Duara la Princess lilizunguka kuelekea upande wa pili, tofauti na la mwalimu.

"Limeharibika?" Princess aliuliza.

"Limeharibika wapi? Hesabu mishono."

"Kumi na minane."

"Basi ni sawa na langu."

Wiki nzima Princess alifuma baada ya shule. Baada ya duara alizunguka bila kuongeza mishono, na duara likawa kikombe. Mara mbili alifumua. Mwalimu alimwambia akaze uzi, ili pamba isichungulie kwenye matundu. Kisha alimwonyesha kuunganisha mishono miwili iwe mmoja, ili mdomo wa kikombe uanze kufunga. Kabla haujafunga, alijaza pamba safi iliyotolewa mbegu, kidogo kidogo.

"Macho niweke vifungo?" aliuliza.

"La. Mtoto mdogo huvuta kifungo, hukitia mdomoni, kikamkaba. Shona macho kwa uzi mweusi. Na kofia uishone mzunguko mzima, siyo sehemu mbili tu."

Jumatano Rozina aliketi mbele ya mwalimu bila kuitwa. Alimkabidhi Princess mtoto, akashika sindano kwa mkono wa kushoto. Mwanzoni alitazama mlangoni kila mtu alipopita. Kufikia Ijumaa hakutazama tena.

Jumamosi hakuna mkono uliofungwa. Rozina na Princess walikwenda ukumbini pamoja.

Princess alitangulia. "Shikamoo, Mama Justa. Nisamehe kwa nilivyokujibu."

"Marahaba. Nimekusamehe." Mama Justa aliona sindano iko mkono gani. "Lakini Mama Princess, nilishasema. Nina watoto kumi na wawili. Huyu nikimwonyesha hanifuati. Kazi yake inakwenda kinyume, inanivuruga."

"Nakuelewa," Rozina alisema. "Umemwonyesha kutoka pembeni. Mkalishe mbele yako, atakufuata."

"Hapa tunatumia mkono wa kulia. Ndiyo utaratibu."

Wazazi waliokuwa mlangoni walisogea ndani. Rozina alijiona yuko darasani tena, kama zamani. Aliona rula. Aliona vidole vyake vidogo vimevimba. Safari hii hakutoka.

Alivuta kiti, akakaa mbele ya meza. Akachukua uzi na sindano kwa mkono wake wa kushoto. Mbele ya watu wote alifanya kitanzi, mnyororo, mishono sita.

"Mimi pia ni wa kushoto," alisema. "Nimejificha miaka ishirini na mitano. Binti yangu hatajificha. Mkono huu sitaufunga tena, na hapa haufungwi. Ukimtoa yeye, nitoe na mimi. Lakini kwanza kagua kazi yake."

Mama Justa alichukua ngogwe ya Princess. Alikuwa na desturi yake: kila mwanasesere alivutwa kabla ya kukubaliwa. Alivuta kofia kwa nguvu zote. Haikutoka. Alisukuma kidole kati ya mishono. Hakikupita. Alichukua ngogwe nyingine mbili kutoka mezani, akavuta. Moja ilichomoka kofia.

Aliitazama ngogwe ya Princess tena, upande huu na upande ule.

"Hii inapita," alisema polepole. Kisha akageuka kwa watoto. "Nani mwingine anayefuma vizuri zaidi kwa mkono wa kushoto? Semeni ukweli. Sigombi."

Mtoto mmoja wa kike aliinua mkono. Mama yake, aliyesimama mlangoni, alianza kumkataza kwa macho, kisha akaacha.

"Sogezeni viti," Mama Justa alisema. "Ninyi wawili kaeni mbele yangu."

Jumatatu Rozina alikwenda shuleni. Aliomba Princess akae mwisho wa dawati upande wa kushoto, ili kiwiko chake kisigongane na cha mwenzake. Pia aliomba aachwe alaze daftari mshazari anapoandika. Mwalimu wa darasa alikubali. Mwezi ulipoisha, maandishi ya Princess yalisomeka bila kubahatisha. Ngogwe kumi na mbili zilifika chekechea, na watoto walizitafuna, walizivuta, walizitupa. Zilioshwa, zikaanikwa juani, zikarudi kazini.

Bibi Aluoch hakushindwa kirahisi. "Salamu ni mkono wa kulia," alimkumbusha Princess kila asubuhi.

"Ndiyo, bibi," Princess alimjibu, akimpa mkono wa kulia. "Lakini uzi ni wa kushoto."

Jumapili moja mchana Rozina alikaa uani, mahali ambapo kila mpita njia humwona mtu. Alikuwa anamenya viazi vitamu, na kisu kilikuwa mkono wa kushoto. Kilikwenda haraka, bila kusita. Bibi Aluoch alimtazama kwa muda mrefu. Kisha aliinama, akaokota ganda moja, akaliinua juani. Lilikuwa jembamba, mwanga ulipita, si kama yale manene Rozina aliyomenya kwa mkono wa kulia.

"Kumbe," alisema bibi. "Miaka yote hii tulikuwa tunatupa viazi."