Vyura Hawakunyamaza

Jua lilikuwa limeshazama mtafiti wa vyura alipoingia bwawani na viatu vyake vya mpira, akimwacha ukingoni wifi yake, mke wa kaka yake. Wifi alikuwa na mimba kubwa na mdomo usiopumzika.

"Kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji," alitania. "Ila wewe zinakuzuia hata kuolewa."

"Kaa hapo hapo, wifi. Ukisogea, wananyamaza."

Ndivyo kazi yenyewe ilivyo. Vyura wengi huwaoni. Unawatambua kwa sauti. Wa kwenye matete analia kama vijiko vinavyogongana, yule mkubwa anaguna kama ndama. Na popote mtu anapokanyaga, vyura wa hapo hufunga midomo papo hapo. Mtafiti alizima tochi, akafumba macho, akasikiliza...

"Wifi."

Sauti ilikuwa nyuma yake, karibu kabisa. Harufu ya tope ikampanda puani.

"Wifi, nipe mkono. Nateleza."

"Si nimekwambia ukae?" Akanyoosha mkono gizani kwa hasira. Kisha akausimamisha hewani.

Vyura walikuwa bado wanalia. Nyuma yake, pembeni yake, kila mahali. Hakuna hata mmoja aliyenyamaza.

Akarudisha mkono kifuani.

Ndipo akakisikia kimya. Kilianzia kule ukingoni, kikaingia majini, kikasogea polepole kuelekea kwenye kina... Kule kulikuwa na mtu anatembea.

"Wifi!"

"Nakuja," sauti ilijibu kwa mbali, kwa upole. "Si unaniita?"

Alikimbia, akaanguka, akainuka. Alimkuta wifi yake maji yamemfika kifuani, akamkumbatia, akamburuta mpaka nchi kavu. Wakaketi kwenye nyasi wakihema. Mtafiti alilia bila aibu. Angemwambia nini kaka yake?

"Tumbo vipi?"

"Anacheza." Meno ya wifi yalikuwa yanagongana. "Lakini mbona uliniuliza jina lake?"

"Jina gani?"

"La mtoto. Ulisema nikikutajia, utanishika mkono. Sijamwambia hata mume wangu..."

"Ukalitaja?"



Kutoka kule kwenye kina, kwa sauti ya wifi mwenyewe, taratibu kama mama anayebembeleza, jina likaanza kuitwa.

Wifi alishika tumbo lake kwa mikono miwili.

"Ametulia," alinong'ona. "Anasikiliza."