Shawa ya Bibi na Bomba Lisilopimwa

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, binti mmoja alifagia ua, akaosha vikombe, kisha akampelekea bibi yake chai. Nyumbani walimwita Chapuchapu, kwa kuwa kazi yoyote aliimaliza kabla hujageuka. Kama imefanyika vizuri, hilo lilikuwa jambo jingine. Vikombe alivyoviosha, mama yake aliviosha tena kimyakimya.

Bibi alikuwa amehamia kwao kwa sababu ya magoti. Daktari alimshauri aoge maji ya moto kila siku, lakini kuinamia ndoo na kujimwagia maji kwa kopo si kazi ya mtu anayetembea kwa kushika ukuta. Basi mjomba, ambaye ni fundi bomba, akaahidi kumfungia shawa.

"Mimi sibahatishi," mjomba alimwambia Chapuchapu. "Bafuni kuna bomba la maji baridi na bomba la maji ya moto. Tega ndoo kwenye moja, hesabu mpaka ijae. Kisha fanya hivyohivyo kwenye la pili. Nikipata hesabu zote mbili nitajua shawa ya kununua."

Bomba la baridi lilijaza ndoo upesi. La moto, loo, lilitoa maji kwa unyonge kama lililolazimishwa, na huko nje wenzake walikuwa wakimwita akaruke kamba. Maji ni maji tu, akajiambia. Akalifunga, akamwambia mjomba kwamba mabomba yote mawili yana hesabu moja, akatoka mbio.

Siku chache baadaye mjomba akaja na shawa pana kama sahani, inayong'aa. Alipoijaribu, hita ya kuchemshia maji ilikuwa bado haijapata moto. Maji yalimwagika kwa kishindo na wote wakapiga makofi.

"Mjukuu wangu ndiye aliyepima," Bibi aliwaambia majirani, kifua mbele.

Kila jioni Chapuchapu alimuuliza, "Bibi, shawa inakwendaje?"

"Raha mustarehe, mke mwenzangu," Bibi alimjibu kwa utani wao wa siku zote.

Hata hivyo Bibi akaanza kupiga chafya, kisha akaanza kusema kwamba anaikumbuka nyumba yake na huenda akarudi huko. Chapuchapu alikosa raha. Nani angemtania kila jioni?

Asubuhi moja alisahau sweta, akarudi kuichukua. Kwenye ujia wa kutoka jikoni alimkuta Bibi amebeba birika la maji yanayochemka, mkono mwingine ukutani, magoti yakitetemeka. Maji yalikuwa yakidondoka sakafuni. Chapuchapu alilipokea birika haraka, akamketisha.

"Bibi, si ungeoga kwa shawa?"

"Shawa nzuri, mjukuu wangu. Ila inanipa maji baridi tu. Hata nikifungua ya moto hadi mwisho, hayaji, na nikifunga ya baridi, yanadondoka matone tu."

"Mbona hukusema?"

"Ulikuwa umefurahi mno. Ningekuvunjaje moyo?"

Chapuchapu aliona aibu mpaka masikio yakamwaka. Siku nzima darasani hakusikia alichofundishwa.

Jioni mjomba aliitwa. Akafungua, akafunga, akakunja uso. "Mwenye duka ameniuzia kitu kibovu. Kesho atanitambua."

Chapuchapu angeweza kunyamaza, na hakuna ambaye angejua. Lakini alimwona Bibi amejitanda shuka, soksi miguuni, akashindwa.

"Mjomba, mwenye duka hana kosa. Bomba la moto sikulipima. Nilikudanganya."

Mjomba akaweka spana chini. "Yaani ningekwenda kumgombeza mtu wa watu bure? Haya, kalete ndoo."

Safari hii wenzake walimwita akawaambia ana kazi. Alihesabu mpaka miguu ikafa ganzi, na ndoo ndiyo kwanza ilikuwa nusu. Alisubiri mpaka ikajaa.

"Umeona?" mjomba alisema. "Baridi linatoka bomba la mtaani, lina nguvu. La moto linashuka polepole kutoka kwenye tangi la juu ya paa. Ukiwakutanisha hivi, mwenye nguvu anamzuia mnyonge asitoke. Na mimi, fundi mzima, nikajaribu kabla maji hayajapata moto. Haraka yako iliniambukiza."

Mjomba akaunganisha maji ya baridi nayo kwenye tangi, ili yote yaje kwa nguvu moja. Mwenye duka akaibadilisha shawa pana kwa nyingine ndogo inayofaa maji ya polepole.

Bibi alipoingia bafuni, mvuke ulitoka chini ya mlango, naye akaimba nyimbo zote anazozijua. Alipotoka alimketisha mjukuu wake ubavuni.

"Njia ya mwongo fupi, mke mwenzangu. Wewe ulidanganya kwa haraka, mimi nikadanganya kwa mapenzi, na wote tukaishia kwenye maji baridi. Umpendaye mwambie kweli, hata ikimuuma. Na ukimfanyia kazi, ifikishe mwisho, maana ukiiacha nusu, kuna mtu ataibeba kwa magoti yake."

"Kwa hiyo huendi kwako?"

"Niende wapi, na hapa ndipo magoti yangu yalipopata nafuu?"

Usiku ule Chapuchapu aliosha vikombe. Mama yake akavitazama kimoja kimoja kwenye mwanga wa taa, kisha akavipanga kabatini.