Nyonga ya Mpima Ardhi

Foleni ya eksirei ilifika nje ya mlango. Mpima ardhi, nyonga ikimuuma, alisimama kwa mguu mmoja kama korongo, buti zake zina udongo mpaka kwenye vifundo, maana alitoka kazini moja kwa moja. Mbele yake alikaa mwanamume mwenye shati jeupe lililonyooka kwa pasi, aliyemleta shangazi yake. Akainuka kumpisha. Mpima alipokataa, shangazi akamwambia, "Kaa, mwanangu. Huyu ni fundi miwani, kutwa nzima amekaa. Acha asimame kidogo."

Ndivyo walivyojuana. Simu zikaanza, kwanza za kujuliana hali, kisha za kupigiana bila sababu. Fundi alimwita Mpima wangu. Yeye alimwita Macho Manne, ingawa fundi mwenyewe hakuvaa miwani, na wote wawili walicheka kila mara kana kwamba utani ni mpya.

Mwezi wa tatu tangu wajuane, daktari akawaeleza. Gegedu linalozunguka kikombe cha nyonga lilikuwa limechanika. Angeweza kulikata pande lililoharibika, na mpima angerudi kazini baada ya wiki chache. Au angelishona mahali pake kwenye mfupa: magongo wiki sita, na vilima avisahau karibu nusu mwaka. Kushona kungeihifadhi nyonga vizuri zaidi, mradi gegedu liwe bado na nguvu ya kushika uzi. Hilo angelijua akishaingia ndani.

"Nataka lishonwe," mpima alisema walipotoka.

"Likatwe tu, mpenzi, yaishe," fundi akajibu upesi.

Neno lile likamchoma. Kumbe anapenda miguu inayotembea, akawaza; nikilala kitandani nitamchosha. Hakugombana naye. Aliacha tu kupokea simu. Fundi alipiga asubuhi na jioni, akatuma salamu kwa dada yake mpima, asijibiwe. Siku ya upasuaji mpima alisindikizwa na dada yake peke yake, na moyo ukimuuma kuliko nyonga.

Kesho yake daktari akamwambia kingo zilizosagika amezikata, na sehemu kubwa iliyobaki ameishona, imeshika vizuri. Daktari alipotoka, fundi akaingia, shati limekunjamana, hakunyoa ndevu.

Akasema alichopaswa kusema mapema. Baba yake alivunjika mguu akalala miezi saba. Rafiki zake wakapungua mmoja mmoja, naye akanyamaza mpaka akafa. "Niliogopa kukuona hivyo. Nikatafuta njia fupi. Sikukuuliza wewe unataka kuishije."

Mpima alikuwa amejiandalia maneno makali, akayaacha.

"Mimi si baba yako," alisema taratibu. "Mimi ukija nitaongea mpaka uombe kwenda."

Fundi akavuta kiti. "Nyumba yako ina ngazi. Yangu haina. Njoo ukae kwangu."

"Wiki sita?"

"Hata zikiisha."

"Unaniposa, Macho Manne, au unanipangisha chumba?"

"Nakuposa. Shangazi yuko nje, anangoja jibu."

Mpima akajifuta macho kwa ncha ya shuka, akaunyoosha mtandio wake. "Mwite aingie," akasema. "Jibu la jambo kama hili nitampa yeye mwenyewe."