Wifi Alinimwagia Supu Nikiwa na Nyuzi Mdomoni

Wifi yangu alininyang'anya bakuli mkononi, akaenda nalo mpaka mlangoni, akalimwaga lote uani.

Supu ya mbuzi ya moto, pilipili na ndimu juu... na mume wangu ndiye aliyeniletea.

Nilikuwa na njaa ya kulia, ndugu zangu. Sikuwa nimeweka kitu tumboni tangu nitoke kupasuliwa fizi, mdomo mzima nyuzi. Nilitaka kupiga kelele, ikatoka sauti ya mtu aliyezibwa na mto.

"Utakula nitakachokupa mimi," akasema, akanigeuzia mgongo.

Naitwa Mwanne. Nyumbani Magomeni, riziki yangu iko Kariakoo, nauza mapazia kwenye fremu ya duka niliyoipanga kabla sijaolewa. Fizi zilinitesa muda mrefu. Nikipiga mswaki damu, nikitafuna meno yanacheza. Mwisho nikaenda kwa daktari wa meno kule Upanga, mama mmoja anaitwa Dipti. Akapasua, akasafisha, akashona.

Aliyenisindikiza ni huyo huyo wifi, Amira, kwa sababu mume wangu Shomari alisema atanishikia duka mpaka nipone. Daktari alitoa masharti yote nikiwa bado nina ganzi, nusu nasikia, nusu sisikii.

Na mimi na Amira hatupikiki chungu kimoja. Tangu aje kukaa kwetu kutoka Lindi, hajawahi kukosa neno la kunichoma. Mbele za wageni anasema kaka yake alinichagua umeme umekatika.

Sasa mtu kama huyo ndiye anakupikia, na wewe huna hata mdomo wa kumjibu!

Akaniletea uji wa mchele, umepoa kabisa. Nikaomba mrija kwa ishara. Akasema nikifyonza, damu iliyoganda kwenye kidonda itang'oka, nitumie kijiko au niache.

Siku zilizofuata ikawa mtori wa ndizi, nyama imesagwa mpaka huioni. Viazi vya kuponda na maziwa. Parachichi. Mtindi. Yai la kuvurugwa, laini kama povu. Pilipili hakuna, ndimu hakuna, chumvi ya kubahatisha.

Na kila bakuli lilikuja na tusi lake.

"Meza. Usijifanye uko mahututi."

Shomari sasa... jamani, alikuwa asali! Hakurudi mikono mitupu. Leo karanga za kukaanga, kesho pweza wa soko la Feri na pilipili yake. Ananibembeleza kwamba fizi zinataka mazoezi, nitafune ili zikaze, tena nisiwe na haraka ya kurudi dukani.

Kila mara Amira anatokea, anachukua, anakula yeye, mbele ya macho yangu.

Nilimchukia mpaka nikawa naota namfungashia virago.

Siku moja akaenda sokoni. Nikapata nafasi, nikala karanga alizoniachia Shomari asubuhi ile. Hata kiganja hazikujaa. Kipande kikaingia kwenye mshono, nikasikia kitu kimeachia, na damu ikaanza kuja... ikaja... kitambaa chote kikalowa.

Amira alinikuta nimeinama juu ya beseni. Hakunitukana, na hilo ndilo lililonitisha. Alikunja kitambaa safi, akaniambia nikiume kwa nguvu, akaita bajaji.

Daktari Dipti akatoa kile kipande, akashona upya, akauliza kwa ukali nani kanipa karanga. Amira akaangalia ukuta.

Tulipotoka, nikamsikia anamwambia dereva atupeleke Kariakoo. Nikamvuta mkono, nikimwonyesha njia ya nyumbani.

"Ukaone duka lako kwanza," akasema.

Nikaliona.

Kwenye kiti changu amekaa binti, miguu juu ya marobota yangu ya vitambaa. Shomari yuko pembeni yake anakunja pazia. Mteja mmoja alikuwa anamuulizia Mwanne, na yule binti akamjibu bila hata kupepesa macho.

"Mwanne aliacha biashara. Hapa ni mimi na mume wangu."

Nikafungua mdomo. Hakikutoka kitu zaidi ya mate na damu.

Ndipo Amira akafungua wa kwake.

Ule mdomo ulionichoma miaka yote, siku ile ulinisemea mimi! Alianza na kaka yake. Akamwaga yote mbele ya wateja na majirani wa biashara: kwamba Shomari alimtuma anilishe vyakula vigumu na vikali kidonda kisifunge, nikae ndani mpaka soko linisahau na Paskalina, ndilo jina la yule binti, azoeleke. Dada yake alipokataa kumlisha mgonjwa pilipili, Shomari akaanza kuleta mwenyewe.

Kumbe asali yote ile ilikuwa ya hivyo.

Shomari alimwambia anyamaze, asisahau kwamba wao ni damu moja.

"Damu niliyoiona leo imetoka mdomoni mwa huyu," Amira akajibu.

Kelele zikamshusha mzee Kishor, mwenye jengo. Anajua fremu ile kampangisha nani. Akamwambia Paskalina ainuke. Akainuka, Shomari akamfuata nyuma, na ndoa yangu ikaishia pale pale katikati ya mapazia.

Nyumbani nilimwandikia Amira kwenye simu, nikamuuliza kwa nini alinisaidia. Akasoma, akacheka kwa puani.

"Mimi niliachwa nikiwa nimelazwa. Narudi nyumbani, nakuta mwanamke mwingine anapikia sufuria zangu. Wewe sikupendi, Mwanne, ila nimekuzoea. Yule simjui."

Akanisukumia mtindi, akaenda kulala.

Leo fizi zimefunga na niko dukani kwangu. Amira bado anaishi kwangu, na hatujaanza kupendana.

Ila wewe unayeuguzwa muda huu, chukua hili. Usihesabu nani anakuletea kitamu. Muulize daktari unatakiwa kula nini, halafu angalia nani anakipika.