Bukuru Amevuka

Jua lilikuwa linakaribia kuzama nilipofika kivukoni. Nilitoka Biharamulo kwenda Ngara kumwona mama, aliyekuwa anaumwa, na lori lililonipa lifti liliishia pale. Pantoni ndiyo kwanza ilikuwa imeondoka, imejaa watu. Ikabidi nisubiri irudi.

Sikuwahi kupita njia ile. Nikaona ninyooshe miguu kwenye senta yao ndogo: maduka machache, dagaa na mihogo vimeanikwa kwenye maturubai, kanisa la mabati.

Fundi cherehani mmoja akaniita.

"Bukuru! Gauni la mtoto tayari."

Nikasimama.

Mimi na dada yangu tulizaliwa mapacha. Yeye alikuwa Bukuru, aliyetangulia. Mimi ni Butoyi. Alifariki miaka mitatu iliyopita kwa uchungu wa kujifungua, mtoto akiwa bado tumboni. Nilimwosha kwa mikono yangu. Tuliwazika pamoja, nyuma ya migomba ya nyumbani.

Nilitaka kumwambia fundi amenifananisha. Lakini alikuwa ameshaninyooshea kigauni. Nikakipokea, nikaondoka kama mwizi.

Mbele kidogo, mama mmoja muuza chai, ambaye baadaye nilijua anaitwa Priscila, akaacha kupuliza moto.

"Wee Bukuru, si umepanda pantoni sasa hivi?"

"Shikamoo mama. Mimi siyo..."

"Marahaba. Hebu mchukue mwanao, amelia sana."

Kabla sijajibu, kitoto cha kike kikatoka nyuma ya benchi, kikanikumbatia miguu.

"Mama."

Mikono yake ilikuwa ya baridi. Alinuka udongo mbichi... udongo uliochimbuliwa leo. Nikachuchumaa nimtazame. Chini ya sikio alikuwa na baka jeusi. Baka letu. Langu, la dada, la mama.

Nikamweleza Priscila habari za dada kwa kunong'ona, mtoto asisikie. Akashika mdomo.

"Alikuja hapa na mimba kubwa," akasema. "Peke yake. Miguu imejaa udongo. Chakula chake hatii chumvi mpaka leo, na wazee husema wafu hawali chumvi. Sikumuuliza kitu, mwanangu. Nilimwonea huruma tu."

"Leo amesema anaenda wapi?"

"Kumchukua mama yake."

Nikambeba mtoto, nikakimbilia mtoni.

Pantoni ilikuwa imeshafika ng'ambo. Watu walikuwa wanapanda kilima. Mmoja alibaki ukingoni, kitenge kimeloa mpaka kiunoni, anatutazama.

Nilimjua kwa alivyosimama.

"Bukuru!" nikaita. "Bukuruuu!"

Akainua mkono. Taratibu. Kisha akageuka, akashika njia ya kwetu.

Nilimpigia mama, hakupatikana. Nikapiga tena na tena. Giza lilikuwa halijaingia vizuri simu yangu ilipoita.

"Butoyi," mama alinong'ona. "Dada yako yuko mlangoni."

Kutoka mtoni hadi nyumbani ni mwendo mrefu, hata kwa pikipiki.

"Mama, usifungue."

"Analia. Anasema nimemwacha nje siku nyingi. Anasikia baridi."

"Mama, nakuomba..."

Halafu nikasikia mlango unagongwa. Ngo... ngo... ngo...

"Ni mwanangu, Butoyi."

Komeo likalia.

Simu ikakatika.

Pantoni iliporudi nilivuka, nikafika nyumbani kwa pikipiki, mtoto mgongoni. Majirani walikuwa wamejaa uani. Mama alikuwa amelala kizingitini, mikono imekunjwa kifuani kama mtu aliyekumbatia. Kanga yake ilikuwa chapachapa, na mvua haikuwa imenyesha. Wakasema ni ugonjwa. Sikubishana nao. Uso wake ulikuwa na furaha ambayo sikuwa nimeiona tangu tumzike Bukuru, na hiyo ndiyo iliyonivunja moyo kuliko kifo chenyewe.

Mtoto ninaye. Anaitwa Ineza, ndilo jina ambalo dada alikuwa amemchagulia. Usiku hunishika shingo kwa vile vimikono vya baridi, nami namfunika blanketi juu ya blanketi. Havipati joto.

Kila jioni husimama mlangoni, ananong'ona kwenye ufa. Juzi nikamuuliza anaongea na nani.

"Na mama," akasema. "Anauliza kama wewe utamfungulia."

Nilikaa sakafuni, nikalia, maana nimemkumbuka mno dada yangu.