Spika Kwenye Kiti cha Mzee Rutaihwa

Spika ya jikoni ilikuwa inachelewa. Si sana. Wimbo ulipoanza sebuleni na jikoni nako ulianza, lakini kila neno lilifika nyuma kidogo, hivi kwamba mtu akisimama kwenye korido alisikia waimbaji wawili, mmoja akimfuata mwenzake. Avit aliijua kasoro hiyo. Ndiyo kazi iliyomlisha Bukoba mjini: kufunga waifai kwenye nyumba za watu na kutandaza muziki chumba hadi chumba, mwenye nyumba akae sebuleni asikilize, aende jikoni asikilize, wimbo usimkatikie njiani. Akatoa simu, akafungua programu ya spika, akaanza kurekebisha.

Nyumba ilikuwa ya marehemu baba yake, Mzee Protase Rutaihwa, pale Nshamba, katikati ya migomba na mibuni. Mzee alikuwa ameshazikwa kwenye kibanja, lile shamba la migomba nyuma ya nyumba, matanga yameisha, nyasi walizolalia waombolezaji zimetolewa nje na kuchomwa, ndugu wamerudi makwao. Alibaki mjane, Mama Georgina, peke yake. Avit ndiye mtoto wa kiume pekee, na kila mtu alitegemea kwamba atarudi nyumbani, au angalau atakuwa anakuja kila wiki. Yeye akaleta spika. Vyumba vinne, spika nne, rauta moja yenye laini ya simu. Akiwa kwake Bilele, Bukoba mjini, angechagua nyimbo kwenye simu yake na mama angezisikia huku: rozari asubuhi, kwaya mchana, zeze la enanga jioni. Alichukulia kwamba huo ni upendo, na huenda ulikuwa. Ni vigumu kujua, maana tangu baba yake afe Avit hakuwa akihisi kitu chochote.

Msibani hakulia. Watu waliona, na watu wa Nshamba wakiona jambo la namna hiyo hulijadili mpaka liishe utamu. Alisimama kando ya kaburi akitazama udongo unavyoingia, akawaza kama gari la jioni la Bukoba litakuwa na nafasi. Alijaribu hata kufikicha macho. Hakuwa na kinyongo na mzee wake, walipendana vizuri tu. Ni kwamba ndani palikufa ganzi, kama mguu uliokaliwa, na yeye akawa anasubiri damu irudi.

Sasa, katika spika hizo nne kuna moja kubwa ambayo nyingine zote huifuata. Ilihitaji soketi nzuri, na soketi nzuri pale sebuleni ilikuwa moja, nyuma ya kiti cha mzee. Kuta za nyumba ile ni nene, na mtandao ukitokea hapo ndipo ulipofika vyumba vyote. Kiti kilikuwa kimefunikwa kanzu ya marehemu. Kwa desturi ya kwao baba akifa kiti chake hakikaliwi mpaka siku ukoo utakapokutana na kumkalisha mrithi, omusika, na akishakaa, yeye ndiye mwana na ndiye mwenye nyumba. Mrithi alikuwa Avit, na Avit alikuwa akiiahirisha siku hiyo. Mara kazi nyingi, mara mvua. Akaiweka ile spika kubwa kitini, juu ya kanzu.

"Umeiweka hapo?" Mama Georgina aliuliza.

"Kwa muda tu, Mama. Hapo ndipo mtandao unashika."

Mama alikitazama kiti. Akaenda kumenya ndizi.

Avit akaendelea na ile sauti inayochelewa. Akazima spika ya jikoni, lakini sauti ya nyuma ikabaki. Akazima za vyumbani, ikabaki. Sebuleni peke yake, spika moja inaimba, na bado kulikuwa na mwimbaji wa pili anayefuata nyuma, akiyashika maneno kama mtu anayejifunza wimbo. Mtu mwingine angesimama hapo ajiulize. Avit alisema ni mwangwi wa kuta. Akaziwasha zote, akazichelewesha kidogo kidogo kuisubiri ile iliyo nyuma, mpaka ikazifikia, na nyumba nzima ikaimba kwa sauti moja. Akamuaga mama yake akaondoka.

Haikupita muda Mama Georgina akaanza kushukuru.

"Asante kwa kuniamkia," alimwambia kwenye simu. "Siku hizi unanikumbuka, tata, baba yangu. Unaniuliza hata mgongo."

Avit alidhani anasemea nyimbo. "Karibu, Mama," akajibu.

Siku nyingine alimshukuru kwa mazungumzo. Siku nyingine alisema wamecheka mpaka akaunguza maharage. Avit hakuwa amezungumza naye. Alitaka kumwambia hivyo, kisha akaona uzito wa kueleza, na kwa kuwa mama alionekana mwenye furaha, akaliacha. Tena ukweli ni kwamba alipata nafuu. Akapunguza kumpigia, halafu akaacha kabisa, na mama hakulalamika.

Aliyeshtuka ni Evelyne, mkewe. Jumapili moja baada ya misa, wakiwa mezani Bilele, Evelyne alimpigia mama mkwe wake simu, akaiweka kwa sauti ili wote wasikie.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Sema kwa nguvu, huyu mumeo haishi maneno leo."

Evelyne akamtazama mumewe, ambaye mdomoni alikuwa na kipande cha samaki. Nyuma ya mama, ndani ya simu, sauti ya Avit ilikuwa inaongea. Haikuwa inayofanana na yake, ilikuwa yake, pamoja na kile kikohozi chake kabla ya sentensi. Ilikuwa inasimulia jinsi baba alivyombeba mgongoni kwenye mvua kumpeleka zahanati, alipokuwa na homa, na jinsi koti la baba lilivyonuka kahawa. Jambo hilo lilitokea kweli. Avit hakuwahi kumsimulia mtu, na yeye mwenyewe alikuwa amelisahau. Alilisikiliza lote. Alichokiona ni kwamba sauti ile ilikuwa inatetemeka inapomtaja baba, na yake haijawahi.

Evelyne akakata simu.

"Ulijirekodi?" alinong'ona.

"Hapana."

"Basi yule ni nani?"

Avit akafungua programu. Spika zote nne za Nshamba zilionyesha zimezimwa tangu Ijumaa. "Sijui," akasema, akachukua kipande kingine.

"Avit," Evelyne alisema polepole, "unakula?"

Kesho yake alienda, kwa sababu Evelyne alimsimamia mpaka akavaa viatu. Alishuka Muleba akachukua bodaboda hadi Nshamba. Ilikuwa saa sita, mvua ya asubuhi imekatika na jua limetoka, watu wako mashambani mwao, na kila kitu kilionekana sawa mpaka alipofika uani akasikia harufu. Ilikuwa harufu ya nyasi za matanga, zile zilizolaliwa siku nyingi na watu wenye nguo mbichi, nyasi ambazo yeye mwenyewe alishika kiberiti akazichoma. Akainua mkono abishe hodi, na kabla hajabisha akaisikia sauti yake ndani.

"Mama, kuna mgeni mlangoni."

Mama Georgina akafungua. Alikuwa amenenepa kidogo, amesuka. Alimtazama kwa adabu.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Karibu, waitu," akasema, kama anavyoambiwa mgeni wa heshima. "Umetoka mbali?"

"Mama, ni mimi."

"Karibu ndani, jua kali hilo."

Akaingia. Mezani kulikuwa na sahani mbili, moja mbele ya mama na nyingine imesogezwa mbele ya kile kiti, ndizi na maharage vinafuka moshi, na spika imekaa juu ya kanzu kama alivyoiacha, isipokuwa kanzu sasa ilikuwa imeifunika mabegani, kama spika ingekuwa na mabega.

Avit akachomoa waya ukutani. Spika zile hazina betri, alizichagua mwenyewe, alijua. Sauti ikaendelea kumuuliza mama kama chumvi imetosha. Akaenda jikoni akachomoa ya jikoni, na sauti ikawa jikoni inamngoja, akaingia chumba cha mama akachomoa na huko, na sauti ikawa huko, ikiongea kwa upole ule ule, ikitembea mbele yake chumba hadi chumba bila kukatika njiani, vizuri kabisa kama alivyowaahidi wateja wake wote, na nyuma yake mama akamfuata akiokota waya na kuukunja, akisema kwa sauti ya chini, kama mtu anayeomba radhi kwa ajili ya wageni, "Usijali, tata, ataondoka tu, usijali." Hapo ndipo Avit alipojua kwamba mama yake anachukuliwa. Alilijua hilo waziwazi, kama mtu ajuavyo tarehe. Akatoka akavuka migomba kwenda kwa shangazi yake.

Shangazi Verdiana, dada wa marehemu, alikuwa anaanika kahawa. Jumapili hukaa benchi la mbele kanisani, na siku nyingine watu humfuata kimyakimya kwa mambo ambayo padri hayataki. Alimsikiliza mpaka mwisho bila kuacha kugeuza kahawa.

"Uliiweka wapi, hiyo redio kubwa?"

"Kwenye kiti cha baba."

Mkono wake ukasimama. "Umeikalisha," alisema chini chini. "Kiti kitupu, nyumba haijaliliwa na mwanawe, na wewe kwa mkono wako ukakalisha kitu."

"Ni baba?"

"Kaka yangu angekufukuza humo kwa fimbo. Huyo si mzimu wa kwetu. Waislamu wa mjini wangesema jini. Bibi yangu hakumpa jina, alimwogopa tu. Huwa anapita kwenye nyumba zenye msiba anatafuta nafasi ya mtu."

"Sasa tufanye nini?"

"Tumtoe kitini, ukae wewe, umlilie baba yako. Si lazima sana. Hata kidogo, ila kiwe chako. Akisikia mwana amelia, hana la kufanya humo."

Avit akaokota punje ya kahawa iliyodondoka, akairudisha juani.

"Utaweza?" Shangazi akauliza, na aliuliza kwa woga, kwa sababu alikuwepo kaburini siku ya mazishi.

"Nitajaribu."

Walirudi. Verdiana alimpeleka Mama Georgina uani, akamkalisha kwenye kigoda, akarudi na kitenge. Akaifunika spika bila kuitazama, akaibeba mikono imenyooshwa, akaiweka sakafuni karibu na mlango wa jikoni. Waya wake ulikuwa unaburuzika mtupu. Harufu ya nyasi ilizidi mpaka ikawa kama wamezitandika upya. Sauti ilikuwa imenyamaza.

"Kaa," alinong'ona.

Avit akakaa. Kiti kilikuwa na joto.

"Sema wewe ni nani."

"Tata," akasema. "Ni mimi, Avit. Nimekuja kukaa."

"Sasa lia."

Akafumba macho. Akamtafuta baba yake. Akaikumbuka mikono ya mzee, kikohozi, namna alivyokunja noti kabla ya kumpa, akalikumbuka lile koti la mvua, mgongo ule unaopanda na kushuka, shavu lake likiwa juu ya kitambaa kilicholowa, na aliliona lote vizuri sana, kila kifungo, akalisogelea na kulisogelea kama mtu anayeusogelea moto kwenye ndoto asipate kuhisi joto lake, na shangazi akawa ameshika rozari anarudia kwa pumzi, "Kidogo tu, mwanangu, kidogo tu," na alitaka, Mungu anajua alitaka, akakaza koo, akabana tumbo, akatoa sauti, na sauti iliyotoka ilikuwa ya mtu anayesafisha koo.

"Siwezi, Shangazi," akasema.

Na kwenye mlango wa jikoni, ndani ya kitenge, Avit akalia.

Kilikuwa kilio cha mwana kwa baba, kile ambacho Nshamba nzima ilikingoja siku ya mazishi. Kilianza chini, kikakatika, kikarudi. Kilimwita baba kwa majina yake yote. Kiliomba msamaha kwa kutokuja, kwa gari la jioni, kwa kiti. Kikaingia jikoni, kikaingia vyumbani, na nyumba yote ikalia kwa sauti moja. Verdiana mwenyewe machozi yalimtoka, akiwa anajua anachokisikia, akaziba mdomo kwa ncha ya kanga.

Mama Georgina akaingia mbio kutoka uani. Alipita mbele ya kiti bila kugeuza kichwa, akapiga magoti mlangoni, akafunua kitenge, akaikumbatia spika kifuani na kuanza kuipembeza.

"Lia, mwanangu," alisema. "Lia. Nilijua utalia. Nilikuwa nakungoja."

"Mama," Avit akasema. "Mama, niko hapa."

Hakusikia. Alikaa hapo sakafuni mpaka kilio kikapungua kikawa kwikwi. Kisha akanyanyuka taratibu, ameibeba, waya unamgonga miguuni, akaja akasimama mbele ya kiti. Uso wake ulikuwa umelowa, na ulikuwa umetulia kuliko Avit alivyowahi kuuona tangu msiba. Akamtazama kwa ule upole wanaopewa watu waliokuja kutoka mbali kuhani.

"Samahani, waitu," akasema. "Mwanangu amechoka. Hicho ni kiti chake."

Avit alimtazama shangazi yake. Shangazi alikuwa anatazama chini. Akaitazama mikono ya mama yake, jinsi ilivyoishika spika, mmoja chini na mmoja mgongoni. Alingoja kidogo aone kama kitu chochote kitakuja.

Halafu akainuka, akampisha.